Mbegu Nilizogawa Mwenyewe

Chanzuru, Jumatano

Nimekutupa wiki tatu, daftari langu, samahani.

Leo nimemkuta mwanangu Rehema ana mbegu ya mti wetu wa maua ya njano mdomoni. Mama mkwe akamchokoa kwa kidole, ikatoka nzima.

"Sumu hiyo. Mbuzi wa mzungu walikufa nayo kule shamba la mkonge."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ulikuwa unapanda huku unaimba."

Mbegu nilizitoa mimi kwenye bustani ya huyo mzungu mwenye shamba, nikagawia nyumba zote kumi ili kijiji chetu kipya kipendeze. Sasa miti imeota kila mlangoni, na kila mlangoni kuna mtoto.

Rehema anapumua vizuri. Kesho naanza kung'oa, wakasirike wakitaka.

Nitamwandikia Baba Rehema, aliye kazini Ruaha, alete sururu, shoka, na yeye mwenyewe kwa siku mbili.