Jirani Yangu Kambini Moab

Dada Loretta mpendwa,

Nimefika salama Moab, mji huu wa jangwani, na trela ninamolala naiegesha mwenyewe kinyumenyume hapa kwenye kambi ya wasafiri. Joto la hapa hukausha nguo ukiwa bado unaanika.

Jumanne niliingia njia ya korongoni bila maji. Sikuyasahau. Tangu mume wangu Royce afariki, sikuona sababu ya kurudi. Jirani yangu kambini, Bernadine, mwanamke wa miaka sabini na minne, aliniona nikitoka mikono mitupu, akanifuata na chupa zake za maji. Hakuniuliza kitu. Alinikalisha kivulini akasema, "Kunywa, mdogo wangu. Sina mgongo wa kukubeba."

Nilicheka, nikanywa.

Mwaka wa tisa huu anasafiri peke yake. Sijaona mtu kama yeye. Kila alfajiri ananigongea: "Vaa viatu, jua halitusubiri."

Navaa, dada. Usije kunichukua kwanza kama ulivyopanga.

Mdogo wako,
Gayle