Mabehewa ya Nyunzu

Jumatatu, 6 Machi 1989
Umeme wa bwawa la Bendera umekatika tena. Tumesoma programu ya kompyuta kwenye karatasi, kama kawaida yetu: mmoja anasoma mstari, mwingine anakuwa mashine, anasogeza punje za mahindi mezani, kila punje behewa moja. Miaka minne mashine nimekuwa mimi. Leo nimempa Kasongo. Anasogeza polepole kama mtu anayechagua mchele. Nimekaa dirishani. Mikono inaniwasha.

Mpango nimeuandika mwenyewe: mwezi huu nanyamaza, mwezi ujao siku mbili kwa juma, kisha naacha kabisa. Mama Beatrisi, Kasongo na Ilunga wajue kuandika programu za treni bila mimi, la sivyo biro, ofisi yetu hii ndogo ya reli, itafungwa siku nikistaafu. Ni mpango mzuri. Siupendi.

Alhamisi, 16 Machi
Nimenyamaza tangu saa mbili hadi saa sita. Ilunga ameuliza swali akinitazama. Nimetazama ziwa kule nje ya dirisha. Akamgeukia Mama Beatrisi, naye akamjibu vizuri kuliko ambavyo ningemjibu mimi. Nilipotoka hakuna aliyeinua kichwa.

Nyumbani nimepika ugali. Tangu mke wangu afariki sijapata kipimo cha mtu mmoja, daima unabaki. Leo nimesema maneno kumi hivi, mengine kwa kuku.

Jumanne, 4 Aprili
Siku zangu sasa ni Jumanne na Alhamisi. Wamemaliza programu mpya ya kupanga mabehewa. Wamenipa karatasi niione tu. Mabehewa ya Nyunzu wameyaweka mbele, karibu na kichwa cha treni. Kosa la mtoto. Nyunzu tunashusha kwanza, basi mabehewa yake yanakaa mkiani, yanakatwa, treni inaendelea Kabalo. Niliwafundisha hivyo mwenyewe.

Nimefunga mdomo. Treni inaondoka Ijumaa, na mkuu wetu wa reli amesema wazi: ikiharibika hii, hakuna tena biro ya programu, watatu wanarudi bohari.

Jumatano, 5 Aprili
Haikuwa siku yangu. Nimekwenda kabla hawajafika, mlinzi amenifungulia. Nimekata mstari mmoja kwa penseli na kuandika mwingine pembeni. Nyunzu mkiani. Nimetoka haraka kama mwizi wa mapapai.

Njia nzima nilikuwa na furaha. Hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Jumatatu, 10 Aprili
Treni ilikwama Nyunzu Jumamosi nzima. Kile kichwa kidogo kilichokuwa kikivuta mabehewa pale kituoni kilikufa mwaka jana. Siku hizi kichwa kikubwa chenyewe kinaingia njia ya pembeni na mabehewa ya mbele, basi ya Nyunzu lazima yatangulie. Watatu walijua. Mama Beatrisi alikuwa ameteremka bandarini kuwauliza wanaopanga treni. Mimi sijateremka bandarini mwaka wa pili huu.

Mkuu amewafokea. Mama Beatrisi amesema ni yeye aliyebadilisha. Baadaye nimemvuta pembeni, nimemwuliza kwa nini walifuata ile penseli na ukweli walikuwa nao.

"Tuliona ni mwandiko wako, Papa. Tukasema Papa iko na sababu. Tungekukatalia namna gani?"

Papa, yaani baba, ndivyo wanavyoniita wote watatu. Nimewafundisha kila kitu isipokuwa kunikatalia.

Jumanne, 11 Aprili
Nimemwambia mkuu yote, mbele ya watatu. Ameuliza nilikuwa nimalize kazi lini. Nimesema leo. Akaamua: Biro inabaki, watapewa treni ya Ijumaa, mpango wao wenyewe.

Nimewaambia mtu yeyote akiandika kwenye karatasi yao bila kuwauliza, wafute, hata akiwa na mvi. Kasongo amecheka. Mama Beatrisi amefuta macho akasema ni mafua. Nimechukua kikombe changu na mwavuli. Kutoka biro hadi nyumbani ni dakika ishirini, leo nimetembea saa nzima.

Jumapili, 16 Aprili
Baada ya misa jirani amenipa habari: treni imepita Nyunzu bila neno. Nimefurahi kweli. Kisha nimerudi nyumbani na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Jumamosi, 22 Aprili
Treni ya pili nayo imepita.

Mama Beatrisi amekuja saa kumi na sahani ya ndakala, dagaa wa ziwani. Tumezungumza juu ya mvua, juu ya mwanawe anayeoa huko Katanika. Nilingoja swali la kazi. Moja tu, hata dogo. Halikuja. Mwisho nimeuliza mimi: ile programu, mmeibadilisha tena?

"Inatembea, Papa. Kula samaki, itapoa."

Nimemsindikiza hadi barabarani. Ndakala zilikuwa nzuri, zimekaangwa na pilipili.

Shati la kazini nililivaa asubuhi, wasije wakaniita nikachelewa. Saa kumi na mbili jioni nimelivua, nimelikunja.