Siku Soko la Hisa Lilipofungwa

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri kila ninapoinama kupiga randa. Msiba wa Rais umetugusa sote. Lakini redio inasema siku ya mazishi hilo soko la hisa unakofanya kazi litafungwa. Kwa nini? Muuza nyanya wa hapa nje anafungua! Mteja wangu mmoja kanionya bei zitaporomoka, niuze hisa zangu zote mapema. Sasa mnanifungia mlango na mimi nimo ndani? Nijibu upesi.

Baba yako

8 Machi

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Sisi huku wazima, macho tu mekundu.

Jibu la kwanza ni jepesi: siku hiyo benki zinafungwa, kwa hiyo hata ukiuza, malipo hayapiti. La pili nimelipata kwa bosi wetu, mama tunayemwita Komeo. Jana mawakala wakubwa wawili wa hisa walikuja kumbana afungue japo nusu siku. Nilikuwepo, naandika kumbukumbu za kikao. Akawaambia, "Siku hiyo watu watakuwa kwenye foleni ya kumuaga marehemu, ninyi mko kwenye kompyuta. Hiyo si biashara, ni kuwavizia." Mmoja akatishia kumshtaki wizarani. Mama wa watu akamsogezea simu: "Piga." Hakupiga.

Baba, nusura nipige makofi! Anasema watu wakishtuka huuza ovyo. Wapewe siku moja ya kulia kwanza. Nakuomba usiuze kwa maneno ya mteja.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Salamu tele. Nilikwenda kuaga, nikasimama kwenye foleni tangu asubuhi hadi saa nane. Nilianza kumlilia Rais, nikajikuta namlilia mama yako. Siku tuliyomzika nilitoka makaburini moja kwa moja nikafungua karakana. Nilijiambia mteja anasubiri kitanda chake. Wewe ulikaa mlangoni na gauni lako jeusi. Nisamehe.

Soko lilipofunguliwa bei ziliyumba kidogo, zikatulia. Sikuuza. Mfikishie Komeo heshima zangu. Yule mama ni chuma.

Mwezi ujao mama yako anatimiza miaka kumi na miwili kaburini. Nimeandika kwa chaki mlangoni: "Tarehe tisa tumefunga. Tuna msiba." Wateja wananiuliza nani kafa. Nawaambia, mke wangu.

Njoo.

Baba yako