Leso Haishiki Mgongo

Mjukuu wangu Mwende,

Nguvu za mgongo wangu nilizipoteza mwaka wa pili baada ya mkataba wa amani, hapa Juba, nikiuza unga soko la Konyo Konyo. Lakini nikusalimu kwanza: sisi wazima, na mjomba wako amepata binti.

Unauliza kama ujifunge mshipi wa mgongo mchana kutwa mpaka maumivu yaishe. Mimi nilijifunga leso. Dereva aliyeahidi kunishushia magunia alinitoroka, na bado sijamsamehe. Niliyashusha mwenyewe, kilo tisini kila moja. Mgongo ulipouma nilikaza leso zaidi, mpaka hata kuinama kuokota kibaba cha kupimia unga nikashindwa.

Mteja wangu mmoja, muuguzi kutoka kwetu, alinicheka. "Mama Unga, hiyo leso imekuwa mume?"

Akashika nguzo ya katikati ya kibanda changu cha turubai, iliyofungwa kamba pande zote. Akalegeza kamba ya nyuma, akavuta ya mbele, nguzo ikainama.

"Uti wa mgongo haujisogezi, mama. Misuli ya tumbo huuinamisha, ya mgongoni huuinua, ya ubavuni huupinda na kuuzungusha. Wewe umeziacha kamba zilale, unategemea kitambaa."

Nikaivua leso. Kila asubuhi nikawa nainama na kugeuka, polepole. Leo nimeteka maji mwenyewe kabla ya kukuandikia, na kila ninapoinuka namshukuru mwanamke yule.

Basi nijibu kabla ya Jumamosi saa sita mchana: mshipi umeuvua, ndiyo au hapana?

Nyanya yako