Nimekubali Laptop, Nimekubali na Kishikwambi

Mpendwa mshauri Prudencia, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana kichwa changu hakifanyi kazi tena. Mimi ni mwalimu wa Hisabati shule ya msingi hapa Mkuyuni, nastaafu mwezi huu, na wenzangu wameandaa sherehe ya kuniaga Jumamosi hiyo kule Kirumba, sasa mwalimu Kashindye, mwenyekiti wa kamati, akanifuata akasema wanaume wameona wanipe laptop ndogo, nikasema asante sana, hiyo ndiyo yenyewe, kwa sababu sisi tuliolelewa Bukoba hatuchagui zawadi, unapokea kwa mikono miwili na kushukuru, lakini sijamaliza hata kufurahi mwalimu Eugenia akaja na kinamama wenzake, wao wanaona kishikwambi, nikasema asante sana, hicho ndicho chenyewe. Sasa kila upande unasema mwalimu mwenyewe ameshakubali, zawadi ni moja, na Kashindye na Eugenia hawasalimiani ofisini.

Shida ni kwamba hata mimi sijui ninachotaka. Kishikwambi nakijua, nimetumia cha shule, maandishi unayakuza kwa vidole, na macho yangu si yale ya zamani, tena mke wangu Kokugonza anataka tumwone mjukuu aliyeko Bukoba akianza kutembea, lakini mimi natunga mitihani ya majaribio ya darasa la saba, shule kadhaa huniagiza, naandika kwa mkono na katibu muhtasi wetu Selina ananichapia, nikistaafu Selina ndiyo basi tena, na kuchora pembetatu kwa kidole juu ya kioo nimejaribu nikaishia kufuta, nikaenda dukani kuuliza, muuzaji akasema laptop ndogo ni nyepesi ila haina nguvu, na kishikwambi unaweza kukinunulia kibodi yake, nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Halafu Eugenia akaniambia, "Babu, chukua kishikwambi upumzike, kazi uliyofanya inatosha," wakacheka, nami nikacheka, ila iliniuma na sijui kwa nini, maana alisema kwa upendo. Nichague kipi, na yule nitakayemkataa nimwambieje?

Mwalimu anayeagwa, Mkuyuni

PRUDENCIA ANAJIBU

Shikamoo Mwalimu. Nimetanguliza kukuamkia kwa sababu sasa nakukaripia.

Umefundisha Hisabati miaka yote hiyo, ukaulizwa swali moja, ukatoa majibu mawili? Usisingizie malezi ya Bukoba. Hata mimi ni Mhaya, na kwetu mtu akikuuliza unataka nini anategemea umjibu. Uliogopa kuwaudhi, na sasa wanagombana kwa ajili yako. Pole, lakini umelikoroga mwenyewe.

Chukua laptop. Maandishi yake nayo yanakuzwa, hakuna aliyekwambia tu. Mjukuu utamwona humo humo, kamera iko juu ya kioo. Kibodi ya kishikwambi inamfaa anayeandika barua mara moja moja, wewe unayeandika hesabu za sehemu na kuchora pembetatu utaichoka mapema. Na nguvu anazozisema muuzaji ni za watu wanaohariri video. Mtihani wa darasa la saba hauhitaji mashine kubwa. Ila nenda dukani mwenyewe pamoja na Kashindye, ujaribu herufi zake kwa vidole vyako, na uiwashe bila kuichomeka kwenye umeme uone inakaa muda gani.

Kuna jambo lingine, na hapa usinune. Laptop haitakuchapia kama Selina. Kesho kaa kwenye kiti chake, uchape mtihani mmoja mwenyewe, kwa vidole viwili, hata ukimaliza siku nzima. Usipofanya hivyo, zawadi ya watu itakuwa pambo la kabatini.

Unasema hujui kwa nini maneno ya Eugenia yalikuuma. Mimi najua. Anayetaka kupumzika akiambiwa apumzike anashukuru, wewe ulichomwa. Umri wako umefika, hamu ya kazi bado unayo, na hilo hujamwambia mtu yeyote, hata mkeo. Watakupaje kinachokufaa wakati hawajui?

Eugenia mwombe radhi pembeni, bila hotuba. Kisha wakati wa chai, wote wakiwa ofisini, simama useme: "Naomba laptop. Nastaafu, lakini kazi siachi." Kisha kaa, unywe chai yako.