Samli kwenye Baragumu Lako

Mwalimu Kyalo,

Kabla hujanikasirikia huko uliko, nisikilize kwanza. Nimeharibu baragumu lako la shaba. Wallahi sikukusudia.

Tangu tukuzike situlii. Nafungua duka la vipuri, nafunga, nafungua tena. Wateja wananiuliza, "Abdi, una nini?" Niwaambie nini? Kwamba namlilia mzee Mkamba wa bendi ya shule, aliyenifundisha muziki ambao hata Wazungu wenyewe walishausahau? Kipande cha karibu miaka mia mbili, baragumu na piano tu, ulichokinakili kwa mkono wako!

Basi mdogo wako akaja kutoka Machakos kulichukua baragumu akaliuze Nairobi. Mkeo, Mama Mwende, akasimama mlangoni. "Abdi akipiga kile kipande cha marehemu hadi mwisho, linabaki kwake. Akishindwa, lichukue." Akanipa siku mbili.

Nazo vali, vile vitufe vya kubonyeza, zilikuwa zinakwama. Mafuta yake yamekwisha, na hapa Garissa utayapata wapi? Nikafanya anavyofanya hooyo, mama yangu, kwa bawaba za mlango na kwa visigino vyake: nikapaka samli. Siku ya kwanza zikacheza raha mustarehe. Siku ya pili, na hili vumbi letu, zikaganda zote tatu. Nilitaka kulitupa Mto Tana, na mimi nilifuate.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukinigombeza, nami nikikuona msumbufu tu: "Mkono, waryaa, wewe kijana! Aliyeandika hiki hakuwa na vali. Alikuwa na mdomo na mkono." Unauingiza mkono kwenye kinywa kipana cha baragumu, kule sauti inakotokea, unaziba, unaachia, na noti inabadilika. Miaka yote ile nilikuwa nakudanganya kwa vali ukigeuka. Ulijua, sivyo?

Nikapiga kwa mkono, sebuleni kwako, mdogo wako kanuna kitini. Piano ilitoka kwenye simu yangu, ile uliyonirekodia mwaka jana ukaanza kwa kukohoa. Noti mbili ziliniponyoka. Nyingine zilitoka kama mtu anayeongea shuka likiwa mdomoni. Lakini nilifika mwisho. Nilifika, Mwalimu!

Kumbe siku ile ya kurekodi hukuzima simu mara moja, nami sikuwahi kuisikiliza hadi mwisho. Piano ilipokwisha, sauti yako ikatoka: "Haya, waryaa. Tena." Mdogo wako akajifunika uso kwa kofia. Mama Mwende akacheka, akalia, kisha akaenda kuteleka chai.

Baragumu liko kwangu. Vali nitazisafisha, samli hailigusi tena. Lakini hiki kipande nitakipiga kwa mkono, kila Ijumaa nikitoka msikitini, mpaka zile noti mbili zinyooke. Kwaheri, mzee wangu, nimekukosa sana. Kila nikifika mwisho utaniambia lile neno lako, nami sitabisha. Nitaanza upya.

Abdi wako