Feni ya Pikapu ya Baba Neema

Jumatatu, 3 Septemba 1956
Asubuhi kama kawaida. Uji, madaftari ya darasa la pili, ndoo ya maji kwa ajili ya gari. Mume wangu, Baba Neema, huinywesha pikapu yake kabla yeye mwenyewe hajatia kitu mdomoni. Leo alikaa mno mbele ya boneti, nikaenda kuangalia. Panga moja la feni lina ufa kwenye shina. Ukilisukuma kwa kidole, linacheza. Likikatika njiani litapasua rejeta, au litamkata mtu. Nikamwambia gari lisitoke. Hakubisha. Kawaida yake hubisha, ndiyo maana nimeogopa.

Jumatano, 5 Septemba
Barua ya Neema kutoka Iringa. Mwanangu anatazamia kujifungua mwisho wa mwezi. Ameandika, "Mama, safari hii usichelewe."
Mwaka juzi nilichelewa. Pikapu ilichemka Chimala, ikachemka tena Makambako, tukalala huko huko. Nilipofika Iringa mtoto alikuwa ameshazikwa. Aliishi siku moja. Neema hakunilaumu hata kidogo. Ingekuwa afadhali angenilaumu.
Basi lipo, lakini haliondoki kila siku, na mtoto hachagui siku. Lazima pikapu ipone.

Jumamosi, 8 Septemba
Dukani kwa Bwana Hirji, anayeuza vipuri hapa Mbeya. Aliweka feni mbili juu ya kaunta. Moja mpya, mapanga manne, nyepesi, sawa na ile iliyokuja na gari. Nyingine ya mapanga sita, imetolewa kwenye lori lililopinduka. Niliinyanyua, mkono ukachoka.
Bwana Hirji alisema, "Mama Mwalimu, hii kubwa navuta upepo mingi. Lakini zito. Nachosha pampu ya maji."
Hakuna aliyemsikiliza. Baba Neema alikuwa ameshaipakata ile kubwa. Tumerudi nayo nyumbani.

Jumanne, 11 Septemba
Feni imefungwa. Inanguruma kama mashine ya kusaga. Mbuzi wa jirani walikata kamba. Lakini injini haipati joto, na mume wangu anatembea uani akipiga mluzi. Mtu wa miaka hamsini na mbili. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nampenda mtu huyu.

Ijumaa, 14 Septemba
Leo nilitia maji mwenyewe. Ndani ya boneti nikaona mikwaruzo kwenye rejeta, ya mviringo, mipya, inang'aa. Nikamwuliza. Alijua tangu juzi. Alipokwenda Mbalizi barabara ilikuwa mbaya, injini ikarukaruka, mapanga yakagusa rejeta. Nafasi iliyopo haifiki unene wa kidole. Alinyamaza ili kwanza atafute dawa yake.
Nikamwambia, "Unataka nikakute kaburi jingine?"
Nimelisema. Alitoka nje bila kofia, na baridi hii. Najuta, na bado nina hasira.

Jumamosi, 15 Septemba
Hatukusemezana mpaka saa nne. Aliifungua ile feni kubwa peke yake, akaifuta mafuta, akaifunga kwenye gunia. Kisha akaja mlangoni. "Twende kwa Hirji. Chagua wewe."
Nikachagua ile ya mapanga manne. Nilichagua kwa majivuno, nakiri. Nilitoka dukani nimeinua shingo.

Jumapili, 16 Septemba
Baada ya ibada tukaijaribu kwenye mlima wa barabara ya Chunya, na viazi magunia manane nyuma. Hatukufika hata nusu. Mvuke, maji ya kutu, harufu ya mpira. Feni yangu.
Nikakaa kwenye jiwe kando ya barabara nikalia, na nguo ya kanisani. Angeweza kunicheka. Alivua koti lake akanifunika mabega.
"Tumekosea wote wawili, Mama Neema. Sasa tuko sawa."
Tukasubiri injini ipoe. Tukarudi chini polepole.

Jumatatu, 17 Septemba
Nimeomba ruhusa shuleni. Tumekwenda tena kwa Bwana Hirji, safari hii kuuliza. Alitoka na kipande cha gazeti, akatuambia tuwashe injini. Akakiweka mbele ya rejeta katikati: kikavutwa kikaganda. Akakipeleka pembeni: kikaanguka. Akakipeleka pembe nyingine: kikaanguka.
Tukaelewa wote kwa pamoja. Feni inavuta upepo kupitia katikati tu. Pembeni haivuti kitu, inazungusha joto lile lile la injini. Inatakiwa kuzungushiwa bati, upepo wote ulazimike kupita kwenye rejeta.
Fundi Sanga, mfua bati wa sokoni, amelikata debe la mafuta ya taa. Ni Mkinga mpole, hakimbizwi. Alipima kwa uzi mara tano. Duara limekaa vizuri, nafasi ya kidole kuzunguka mapanga yote. Nilimshikia taa ya chemli mle ndani ya boneti. Baba Neema alishika rejeta. Kumbe hata mapanga manne yanatosha, yakisaidiwa.

Jumanne, 18 Septemba
Mlima wa Chunya, magunia yale yale. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati ukatulia. Tukafika juu. Tukasimama tukiutazama mji wetu chini. Kisha akaigonga boneti kwa kiganja akasema, "Ndaga." Anaishukuru kwa Kinyakyusa. Kwa Kiswahili huwa anaitukana.

Jumatano, 19 Septemba
Telegramu kutoka kwa mkwe wetu. NEEMA AMELAZWA HOSPITALI NJOONI.
Siku zake bado. Nimefunga kanga, sabuni, unga. Tunaondoka kukicha.

Alhamisi, 20 Septemba. Iringa, nyumbani kwa mkwe
Naandika upesi, narudi hospitali.
Chimala tumepita salama. Makambako nilifumba macho. Sao Hill baridi, mshale chini kabisa. Tulifika Ipogolo saa nane, jua kali, na mlima wa kuingilia mjini uko mbele yetu. Hapo tukakuta lori limejaa mbao, linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hakuna pa kulipita. Ukienda polepole hivyo, upepo wa barabarani haupo. Kazi yote imebaki kwa feni.
Mshale ukapita katikati. Ukazidi kupanda.
"Nisimame?" aliniuliza. Mwaka juzi hakuniuliza.
Nilisikiliza. Feni ilikuwa inavuma sauti moja, haiyumbi. Nikasema, "Twende." Sauti yangu sikuijua.
Mshale ulipanda tena kidogo. Nikaweka mkono wangu juu ya wake kwenye gia, haukuwa na kazi yoyote pale. Kona ya mwisho. Lori likaingia kushoto, njia ikafunguka, mshale ukaanza kushuka.
Neema alikuwa bado na uchungu. Aliponiona alininyooshea mkono. Alinishika kifundo cha mkono akakibana. Alama ipo hadi sasa.

Ijumaa, 21 Septemba
Msichana. Amezaliwa saa kumi na mbili asubuhi. Mdogo sana, lakini analia kwa nguvu. Nesi anasema mapafu yake hayana wasiwasi. Mimi bado ninao.

Jumamosi, 22 Septemba
Amevuka siku moja. Wote tulikuwa tunahesabu saa. Jioni Neema aliniambia, "Mama, lala sasa." Nikalala sakafuni kando ya kitanda chake.

Jumapili, 30 Septemba
Neema yuko nyumbani. Mkwe wetu amepika ugali mgumu mno, tumemsifu. Mtoto ananyonya vizuri, shingo imeanza kujaa.
Baba Neema alikataa kumpakata wiki nzima. Eti mikono ina grisi. Leo amenawa kwa sabuni na mchanga, Neema akamlazia mtoto kifuani bila kumwuliza. Amekaa hivyo kwenye kiti cha uani tangu mchana. Mtoto amelala. Inzi ametua kwenye paji la uso wa babu, naye hathubutu kuinua mkono.
Nimekwenda nikamfukuzia.